Mstari wa Chini

Kanuni ya baraza la mji ilimtaka katibu, Bi Sikitu, asome kila neno la mswada kabla ya kura. Asubuhi hiyo alisoma mswada wa kukisamehe kodi kiwanda cha saruji kwa miaka ishirini, huku mwanasheria wa kiwanda akitabasamu nyuma ya madiwani. Alipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza, hakunyamaza. Alisoma na yale maandishi madogo ya chini:

"Umeandaliwa na Idara ya Sheria ya Kiwanda."

Tabasamu la mwanasheria likakatika.

"Hayo hayakuhusu, mama!" mwenyekiti alifoka.

"Yamo kwenye karatasi, Mheshimiwa."

"Na kazi bado unaitaka?"

"Mwache asome!" mwanamke mmoja alidakia kutoka viti vya wananchi. "Sisi sokoni hata fungu la mchicha tunalilipia ushuru!"

Mwanasheria alikuwa amekwisha kufika mezani, kiganja wazi, akizidai karatasi zake. Bi Sikitu hakumtazama. Alilowesha kidole, akafungua ukurasa wa pili. Mstari ule ule ulikuwa chini yake, na kurasa zilizosalia zilikuwa thelathini.