Korongo Apiga Marufuku Utani

Kijiji cha wanyama kilipoanza kupokea wageni, bata weupe wa ng'ambo, Korongo alijipa kazi ya kuwatunza kwa kuwa yeye alishasafiri. Jambo la kwanza, akapiga marufuku utani.

“Fisi, kila asubuhi unamtukana Nyani. Wageni watadhani mnagombana.”

“Lakini ni mtani wangu!”

“Msalimie kistaarabu.”

Kesho yake Fisi akainamisha kichwa. “Umeamkaje, Bwana Nyani? Watoto wako hawajambo?”

Nyani akaingiwa na baridi. Fisi mwenye adabu, tena anaulizia watoto! Kabla ya adhuhuri alikuwa amefunga mizigo ahame na ukoo wake wote.

Fisi akamkimbilia njiani, mbele ya wageni. “Wewe mwenye sugu za makalio! Unahamia wapi? Nani atakupokea na sura hiyo?”

Nyani akatua mzigo, machozi yakamtoka. “Mnuka mizoga wee! Nilidhani umeamua kutula.”

Wakakumbatiana, wakatukanana mpaka makoo yakawakauka.

Bata mmoja akamuuliza Korongo huku anarudi nyuma, “Wanasemaje hao?”

Korongo akatafuta uongo wa kumwambia, akaukosa.

“Wanasalimiana,” akasema.