Jina la Usichana

Siku hizi jeshi linataka waliopita arobaini tu, na kabla ya kukukabidhi bunduki linamfuta kichwani mwako yule unayempenda kuliko wote, usije ukaogopa kufa.

Mwachofi, mwalimu aliyepokonywa darasa na mashine, alirudi kutoka kambini akitabasamu.

“Nilienda kuuliza tu, Mkawasi. Bado nafikiria.”

Mkewe akaona haya. Tangu wazae, mumewe alikuwa akimwita Mama Wakesho. Leo jina la usichana!

“Na wakinifuta mimi, mzee?”

“Nitakutongoza upya!”

Moyo ukamtulia, akammiminia chai. Mara Wakesho, binti yao wa pekee, akaingia kutoka chuoni.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, binti.” Mwachofi akamvutia kiti cha wageni. “Karibu. Unamtafuta nani?”

Wakesho akacheka, akangoja baba naye acheke.