Digadi la Mheshimiwa

Mheshimiwa Luhende aliligusa kwa ncha ya kiatu digadi la mbele, bati la kufunika gurudumu, la gari lake la spoti la zamani. “Fundi, bati hili lililobonyea linanitia aibu. Nitengenezee la faiba.”

“Kwani lilibonyezwa na nini?”

“Mbuzi tu, miaka hiyo.”

Fundi Makame aliguna. Mbuzi huyo alikuwa dada yake Mwanahija, aliyesimama barabarani kudai maji, na breki haikukanyagwa.

Kila fundi huziba mbonyeo kwanza, ndipo achukue kalibu, umbo la kutengenezea faiba, kwenye bati. Makame hakuuziba, na faiba ikatoka na mbonyeo uleule. Chini ya rangi mpya inayong’aa Mheshimiwa hakuuona; watu wa aina yake huona rangi tu.

Akapita na gari kwa madaha mbele ya foleni ya ndoo. Wanawake wakautambua mbonyeo. Mmoja akaweka ndoo chini, akashuka barabarani.