Siku Sitini za Taa

Maneno ya Adija yalimganda Generosa kama kupe: eti Elieth, bintiye, ana mwanamume kwenye banda la farasi anakofanya kazi, kule Makutupora.

"Kazi yake inaisha saa kumi na mbili jioni," jirani huyo alisema, akiendelea kuchambua mchicha. "Saa nne taa bado inawaka na yeye yumo. Mimi simo, mama Elieth. Nimeambiwa tu."

Mzazi akishaambiwa neno kama hilo, halali. Ndoa ya Elieth ilikuwa na miaka saba, mtoto hakuna. Batholomeo, mumewe, alikuwa safarini na lori, na mama mkwe alikuwa anatafuta sababu moja tu ya kumrudisha binti kwao.

Jumapili Elieth alipokuja kwa mama yake Nzuguni kusalimia, Generosa akamzunguka kwa maswali.

"Hivi ile taa ya bandani ni ya nini?"

"Ya farasi jike, mama. Hashiki mimba. Katokea kusini mbali, ambako miezi hii siku ni fupi sana. Daktari wa mifugo anasema mwanga ukimwingia machoni mpaka saa nne usiku, siku sitini mfululizo, mwili wake utaamini msimu wa kushika mimba umefika."

"Ehee. Hata farasi anahangaikiwa. Wewe umekaa tu."

Elieth aliinamia sahani. Alikula matonge mawili, akaaga.

Alhamisi, jua lilipozama, Generosa akapanda bodaboda kwenda Makutupora. Hakwenda kugombana na mwanawe. Alitaka kumfukuza huyo mwanamume kabla Batholomeo hajarudi. Akashukia kwenye mashamba ya zabibu, akavua kandambili asisikike, akapita kandokando ya mizabibu iliyopogolewa. Upepo wa Juni ulimpenya khanga zote mbili. Hakukutana na mtu.

Akausukuma mlango wa banda taratibu.

Farasi alikuwa amesimama chini ya taa, anatafuna. Pembeni yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa Elieth, peke yake, ameuinua uso kwenye balbu, ameyakodoa macho mpaka machozi yanamtiririka. Hakugeuka.

Ukutani kulikuwa na vistari vya mkaa, arobaini na kimoja. Chini yake, mwandiko wa Elieth:

Usiruke siku.
Usifumbe macho.
Usitoke kabla ya saa nne.
Usimwambie mama.