Mkeka wa Vizibo

Kila Ijumaa, jua likianza kuchoma, Ronald aliharibu kazi ya mkewe.

Aliketi juu ya jiwe chini ya daraja la reli ya zamani, mahali mto Voi umekuwa mchanga mtupu, akatoa mkobani mkeka mdogo wa kuwekea sufuria mezani. Gertrude alikuwa ameutengeneza kwa wiki nzima. Vizibo vya chupa za mvinyo alivisugua kwa msasa, akavipanga safu kwa safu, akavigandisha kwa gundi ya mbao, kisha ukingoni akazungusha kamba ya mkonge aliyoisuka kama wanawake wa kwao Wusi wanavyosuka vikapu. Ulikuwa mkeka mzuri. Ronald aliikata ile kamba, akakwangua gundi kwa kisu mpaka kila kizibo kikabaki peke yake. Gundi ilitoka na unga wa buluu uliomwangukia magotini. Alidhani ni madoa ya mvinyo, akajipangusa.

Jioni angempelekea Gertrude vizibo vilevile katika mfuko mwingine. "Mkeka wameupenda," angesema. "Wametuma vizibo vingine."

Hakuna aliyeupenda. Lodge ya watalii ambako Ronald alihudumu kwenye baa kwa miaka kumi na moja ilifungwa Machi, ikabaki askari mmoja getini na nyani kwenye bwawa la kuogelea. Tangu hapo Ronald alivaa shati lake jeupe kila asubuhi, akaaga, akalivua sokoni na kupakua magunia ya vitunguu siku akipata kibarua. Alichopata alisema ni cha lodge. Uongo ulimchosha kuliko magunia.

Angefanyaje? Mwaka uliotangulia bodaboda iliyombeba Rita, mtoto wao wa pekee, iligongwa na lori kwenye barabara ya Mombasa. Baada ya mazishi Gertrude aligeukia ukuta. Miezi mitatu hakupika, hakwenda kanisani, hakuchana nywele. Mchungaji alikuja akaomba, akaondoka. Ndipo Ronald, kwa kukosa la kufanya, alipomletea mfuko wa vizibo kutoka baa, akamwambia duka la lodge linataka vitu vya kupamba meza. Gertrude alivitazama siku mbili. Siku ya tatu aliketi, akaomba kisu.

Kwa hiyo Ronald alijua kitu kimoja tu maishani: siku Gertrude atakapogundua kwamba hakuna lodge wala mgeni anayengoja mkeka, atageukia ukuta tena, na safari hii hatageuka.

Lakini vizibo vilikuwa vinaisha. Kila vilipokwanguliwa vilipungua unene, vingine vikapasuka. Vilikuwa arobaini mwanzoni. Ijumaa iliyopita alimpelekea kumi na tisa.

"Vimekuwa vichache," Gertrude alisema, akivigeuza kiganjani.

"Chupa za siku hizi zina vifuniko vya kuzungusha, Mama Rita."

"Kumbe hata wageni hubadilika," akasema, na hakuuliza zaidi. Ronald alimshukuru Mungu kwa kumpa mke asiyependa maswali.

Leo asubuhi alitamani asiamke kabisa. Alilala chali akitazama mabati, mwili mzito, akihesabu wiki zilizobaki kabla vizibo havijaisha. Gertrude alikuwa amesimama mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vimepigwa rangi.

"Amka, Baba Rita. Mkeka uko tayari."

"Leo sijisikii vizuri."

"Utapona njiani. Amka, wageni wanangoja."

Alimtilia mkeka mkobani kwa mikono yake mwenyewe, akafunga zipu, akamsindikiza hadi barabarani. Haikuwa kawaida yake. Ronald aliona ni dalili njema, na kwa mara ya kwanza tangu Machi alitembea bila kuinamisha kichwa.

Sasa, chini ya daraja, alipekua mkoba mara tatu. Kisu hakikuwemo. Aliapa moyoni kwamba alikitia usiku, chini kabisa, akakifunika na gazeti. Alikung'uta mkoba kwenye mchanga: gazeti, chupa ya maji, mkeka. Basi.

Kuurudisha nyumbani ukiwa mzima hakungewezekana. Alijaribu kuuvunja kwa goti, akaogopa kuvipasua vichache vilivyobaki. Mwishowe aliufumua ukingo kwa meno, akaumwagia mkeka maji yote ya kunywa, akangoja gundi ilainike. Ilichukua muda. Juu ya daraja watu walipita na mbuzi wao, na hakuna aliyetazama chini.

Alipovuta kizibo cha kwanza, gundi ilibanduka nzima nzima kama utando wa maziwa. Chini yake, ubavuni, pale kizibo kinapobanana na mwenzake na jicho haliwezi kufika mpaka mkeka uvunjwe, palikuwa na wino wa biro wa buluu. Neno moja. Alikivuta cha pili. Neno jingine.

Alivipanga mchangani kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio aliovitolea, mpaka vikawa saba; vilivyosalia havikuwa na neno. Ulikuwa mwandiko wake Gertrude, ule wa duara, aliouandika ubaoni miaka yote aliyofundisha shule ya Jumapili.

*Mimi nilichoka zamani. Nasuka ili wewe uamke.*