Sahani ya Mama

Siku hizi asiyezibwa meno kwa dawa ya kuua vijidudu hali sinia moja na watu. Mama yangu hajazibwa. Alipokuja kututembelea, wifi yangu Somoe alinikazia macho mpaka nikaenda kuchukua sahani, nikampakulia mama pembeni, peke yake.

"Usituelewe vibaya, Mama Sikudhani," mama mkwe alimwambia. "Ni kwa ajili ya watoto."

"Wala, mie nimeshazoea."

Nikala nao kwenye sinia, macho chini, ulimi ukipapasa jino la nyuma. Dawa yake imeisha nguvu tangu mfungo. Kila asubuhi nakuta utando wa vijidudu unateleza juu yake, na sijamwambia mtu.

Baadaye mama alinifuata jikoni na sahani yake, ameshaiosha. Akanitazama shavuni, pale ulimi ulipokuwa bado unapapasa.

"Hilo jino limeanza lini?"

Somoe akaingia. "Mnanong'ona nini nyie?"

"Namuuliza mwanangu sahani yangu niiweke wapi," mama akasema, "isije ikachanganyika na zenu."

Nikamwonyesha rafu ya chini kabisa, isiyokuwa na kitu.