Tumbo la Kapteni

Alistidia alimdanganya Ndyamukama kwa Jumatano ya ishirini mfululizo, na safari hii hata sauti haikumtetemeka.

"Dagaa," alimwambia. "Wachemshe bila chumvi, umpe ile supu. Akitapika tena, wiki ijayo tutajaribu kitu kingine."

Ndyamukama aliitikia kwa makini kama anayesikiliza tangazo la ndoa kanisani. Akanunua fungu dogo la dagaa, akaketi juu ya debe lililopinduliwa kando ya meza ya Alistidia, na hakuinuka mpaka gulio la Izigo lilipoanza kufungasha.

Mzee huyu alikuwa Mlutheri aliyefiwa na mkewe, akaishi peke yake juu ya kilima. Siku aliyofika mara ya kwanza alishika kofia mkononi kama aliyekuja kuomba radhi. Alikuwa na mbwa, alisema, anaitwa Kapteni. Aliachiwa na mwanawe aliyepigana Burma na kisha akahamia Kampala. Mbwa huyo hakuwa na tumbo. Kila alichokula kilirudi.

"Nilimpeleka kwa bwana mifugo, Bukoba," alieleza. "Akaniambia nimpe nyama ya kopo, ile ya mbwa wa Wazungu. Mimi mwenyewe, mama, nyama ya kopo sijaionja! Nitafutie chakula rahisi, cha hapa hapa kwetu."

Alistidia alikijua tangu dakika ile. Baba yake kule Kashozi alifuga mbwa wa kuwindia, na mbwa akiharibikiwa tumbo alipewa uji mwepesi wa ulezi na ndizi iliyopondwa, siku nne, basi, anasimama. Ulezi wenyewe ulikuwa pale pale mezani, kwenye gunia karibu na kiwiko chake. Gulio zima halikuwa na chakula cha bei nafuu kuliko hicho.

Lakini mbwa akipona, mzee angefuata nini mezani kwake? Alistidia aliachwa na mumewe kwa kukosa mtoto, akarudi kwa kaka yake Protase, akapewa kijumba mwishoni mwa kibanja chake cha migomba. Wiki nzima alizungumza na kuku. Jumatano tu ndipo mtu alipomwuliza neno na kungoja jibu lake. Basi akamwagiza maboga. Akamwagiza viazi. Akamwagiza mchuzi wa mifupa, akijua fika kwamba mafuta yale yangemvuruga mnyama wa watu. Dhambi hiyo hata kwa padri hakuipeleka, maana angeambiwa aiache.

Na mzee hakukosa kurudi na habari mbaya. "Ametapika yote," angesema, akivuta debe. Kisha wangemzungumzia Kapteni saa nzima: alivyomfukuza nyani shambani, alivyopenda maini, alivyokuwa akilala miguuni pa marehemu mke wake. Mara moja Alistidia alimwambia amlete wamwone. Ndyamukama aliangalia kofia yake. Mbwa, alisema, asingeiweza njia ile.

"Mbwa gani huyo?" aliuliza siku moja Jovitha, muuza vyungu wa meza ya pili. "Mimi hupita kwa Ndyamukama kila asubuhi nikienda kisimani. Sijasikia hata kubweka."

Maneno hayo yalimchoma Alistidia. Mbwa aliyeishiwa nguvu za kubweka hana siku nyingi. Akajiapiza kwamba Jumatano ijayo atasema kweli. Jumatano iliyofuata mzee alifika amevaa koti safi, na Alistidia akamwuzia viazi.

Halafu Ndyamukama hakuja.

Jumatano ya kwanza Alistidia aliliacha debe mahali pake, akamkatalia mama mmoja aliyetaka kulikalia. Ya pili hakuweza hata kuita wateja. Kapteni amekufa, aliwaza, na mimi ndiye niliyemwua, na mzee hana tena sababu ya kuja. Lililomuumiza zaidi lilikuwa hilo la mwisho, naye akajionea aibu kwa hilo.

Kesho yake alipika uji wa ulezi, akaponda ndizi ndani yake, akautia kwenye kibuyu na kupanda kilima.

Alimkuta mzee ameketi mlangoni, amejifunika blanketi, uso umekonda. Alipomwona, alijaribu kusimama.

"Alistidia! Umekuja wewe mwenyewe? Ni homa tu, waitu, mama yangu. Imekwisha."

"Nimemletea Kapteni chakula," alisema Alistidia bila hata kuketi, maana angeketi angeshindwa. "Uji wa ulezi. Ndiyo dawa yake, niliijua tangu siku ya kwanza, nikakuficha. Nilitaka uendelee kuja. Nisamehe. Yuko wapi?"

Ndyamukama alikitazama kibuyu.

"Nyuma ya nyumba," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimzika mwenyewe. Nikampandia mgomba pale juu yake."

Alistidia aliweka kibuyu chini, akazunguka nyumba huku machozi yakimtoka. Aliupata mgomba umesimama peke yake, umezungushiwa mawe. Akapiga magoti, akatafuta sala inayomfaa mbwa, asiipate. Ndipo akainua macho.

Mgomba ulikuwa umezaa. Mkungu ulining'inia mzito, vichane vya juu vimeanza kuiva, na mgomba haufiki hapo kabla ya kutimiza mwaka mzima. Ndyamukama alikuja kuulizia chakula cha Kapteni, kwa mara ya kwanza, miezi mitano tu iliyopita.